Mdogo Wangu Anangoja Figo Nisiyoweza Kuichapisha

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Alhamisi haijafika, maana kazi niliyoililia miaka mitatu sasa naiona mwiba.

Nimepata nafasi ya utafiti chuo kikuu, kwenye maabara niliyosomea, ambako tunachapisha tishu hai kwa mashine mfano wa printa, ila badala ya wino tunatia jeli yenye chembe hai, na siku barua ya kazi ilipofika mama aliisoma kwa sauti sebuleni, mdogo wangu wa kike amejilaza kwenye kochi, katoka kusafishwa damu kwa kuwa figo zake zote mbili zimekufa, akainua kichwa akaniuliza, "Dada, basi utanichapishia yangu?" nami kwa kumwona anatabasamu, kitu ambacho sijakiona tangu mwaka uanze, nikasema, "Tutaona, mdogo wangu," nikakimbilia jikoni kujifanya naosha vyombo.

Mama mdogo alikuwa amejitolea kumpa figo moja, kipimo cha mwisho ni hiyo Alhamisi, sasa mdogo wangu kampigia simu, "Mama mdogo, usijikatishe bure, dada atanitengenezea," naye amekubali upesi mno, na mama anatangazia majirani, wakati kipande kikubwa tulichowahi kukiweka hai hakizidi ukucha wa dole gumba na siku ya tisa kilikufa, na profesa mwenyewe aliniambia, "Figo nzima mimi sitaiona, wewe labda uzeeni." Niikatae kazi niseme nafasi imefutwa? Nikisema ukweli namvunja moyo, nikinyamaza namzika.

Mtafiti mwoga

*

Mtafiti, pole, lakini sikufichi. "Tutaona" ya dada msomi, mgonjwa huisikia "ndiyo", nawe ulilijua hilo, ndiyo maana ukakimbilia vyombo. Na kuikataa kazi ni kufunika uongo kwa uongo.

Kwa kuwa Alhamisi haingoji gazeti, nilipiga namba uliyoiacha nikakuambia: mweleze mdogo wako leo, uso kwa uso, mkiwa wawili. Ukalia, ukaenda. Kesho yake ukanipigia. Kumbe alikusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, nilijua. Hata mimi nasoma. Nilimwona mama mdogo anatetemeka kila kikitajwa kisu, nikamtafutia mlango wa kutokea bila aibu."

"Na wewe je?" ukamuuliza.

Akageukia ukutani. "Mimi naogopa kuliko yeye."

Nikakuambia kwenye simu hiyo hiyo, na hapa nayarudia: basi nyumba nzima mnafichana hofu, na mwenye kuumia ni mmoja. Piga simu hospitali sasa hivi, uliza kama ile nafasi ya Alhamisi bado ipo. Kisha nenda kwa mama mdogo, usimsihi wala usimlilie. Mwambie figo ya kuchapishwa haipo, na kwamba ana haki ya kukataa, na akikataa hakuna atakayemnunia. Mwombe jambo moja tu, aende akamuulize daktari yale anayoyaogopa. Mama yako naye umwambie ukweli; majirani atawaeleza mwenyewe.

Jumatatu nenda kazini. Lakini usiku wa leo lala chumba kimoja na mdogo wako. Amekuwa jasiri peke yake muda mrefu mno.