Sindano Ulizozichomoa

Mishomoroni, Kisauni
Tarehe 14 Mei

Kwako dada Lynnette,

Sindano za mama za kufumia zilitoka nyumbani kwangu tarehe mbili Januari asubuhi, nikiwa nimekwenda kukununulia mkate wa safari. Nimeanza na hilo kabla ya salamu ili usije ukadhani nimelisahau. Sasa nakusalimu. Hujambo? Shemeji hajambo, na wanao watatu je? Goti lako limepoa? Sisi hapa tu wazima. Elkana wangu bado yuko kwenye makontena Changamwe. Anarudi na vumbi lake, anakula, anakusalimu. Barua hii nampa Dancun, utingo wa basi la Mumias, kwa kuwa simu zangu huzipokei.

Kuchukua sindano si kosa kubwa. Tulikubaliana kwenye matanga ya mama kwamba zitakaa kwangu mwaka mmoja na kwako mwaka mmoja, na zamu yangu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Lakini ulikuwa na sweta za shule zinazongojewa, ungesubiri nimalize, ningekupa. Kosa ni kwamba ulizichomoa katika kazi. Wewe, uliyefundishwa kufuma na mama yule yule, ulichomoa sindano katika shali ya mtu ukaacha vitanzi wazi juu ya kochi, chini ya feni. Niliporudi na mkate vilikuwa vinaporomoka mstari kwa mstari. Mama angemsamehe mwizi wa kuku kabla ya kukusamehe wewe.

Najua ulikuwa na hasira. Uliniuliza shali ya mtoto katika joto hili la Mombasa ni ya nani, nami nikashikilia kwamba ni ya mteja. Ukasema mteja gani huyo asiye na jina, na kwamba nang'ang'ania sindano kwa roho mbaya tu. Nilikuwa na sababu, na utaisoma huko mbele.

Basi nikaikunja ile shali iliyofumuka nikaenda nayo kwa jirani yangu Hafswa, mwenye duka la nyuzi. Nilitaka kununua sindano, sikutaka maneno. Hafswa akaniambia sindano za sweta nitazipata Mishomoroni siku theluji itakapoanguka Kisauni. Wao wanatumia kroshia, ile sindano moja fupi yenye ndoano nchani, na wakati huo alikuwa anafuma vifuniko vya sinia kwa ajili ya harusi ya binti yake Malak. Akasema nikae chini nijifunze, mikono si ninayo.

Dada, mimi niliingia mji huu na begi moja, na kila kijiko kilichomo humu ndani kimeletwa na sindano mbili. Siku ile mikono yangu ikawa ya mtoto wa nasari. Mkono wa kushoto ukawa unaitafuta sindano ya pili na haupati kitu. Uzi nikaushika upande usio wake. Na baya zaidi, nilikataa kuachia vitanzi. Hafswa alinieleza kwamba kila kitanzi humalizwa papo hapo, kibaki kimoja tu kwenye kroshia. Mimi nikawa navikusanya vyote, maana kwetu kitanzi kisicho na sindano ni kitanzi kilichopotea. Kroshia ikajaa mpaka kwenye kishikio. Hafswa akamwita mama mkwe wake, Bi Mwanatabu, aje ajionee. Bi Mwanatabu akavaa miwani, akasema nimevipanga kama abiria wa Likoni siku feri imeharibika, foleni mpaka barabarani na hakuna anayevuka. Akaniambia, mwanangu, waachie wavuke. Tulicheka hadi wateja wakachungulia.

Ilinichukua wiki nzima kuamini. Kwenye kroshia kitanzi kilicho hai ni kimoja tu. Ukishakipita, kimejifunga, unaweza kuweka kazi chini ukaenda kupika, ukarudi ukaikuta kama ulivyoiacha. Nilikuwa nainuka usingizini kwenda kuhakikisha. Elkana alidhani nimepagawa.

Kufikia harusi ya Malak, sinia la halua lilifunikwa na kifuniko changu, chenye shanga pembeni. Hafswa alizunguka nalo akiwaambia wanawake kwamba hiyo ni kazi ya mwanafunzi wake wa bara, na wallahi alipokuja kwake alikuwa hajui kushika uzi. Uongo mtupu, lakini nilijaa kifua kama bibi harusi mwenyewe.

Kisha nikairudia shali. Ile ndoano ndogo huingia mahali sindano zetu haziingii: nikaokota vitanzi ulivyoviangusha, nikavipandisha ngazi kwa ngazi, nikavifunga vyote kwa ukingo wa kroshia wenye matundu ya kupitisha hewa. Katikati ni mkono wa mama, ukingo ni wa Hafswa. Haina kasoro.

Sasa ile sababu. Mteja ni mimi. Mimba tatu za nyuma nilizitangaza mapema, na mara zote tatu ulipanda basi kuja kulia nami. Hii nikaifungia mdomo hadi ivuke pale zile zilipokomea. Imevuka, Lynnette. Daktari amesema nitajifungua mwezi wa saba, na ninavyoandika ananipiga mateke. Wanao wote mama aliwafumia shali kama ile. Wangu hatamkuta bibi yake, ndiyo maana nilizing'ang'ania sindano.

Kwa hiyo kaa nazo, maliza sweta zako. Kwenye mfuko nimekutilia kroshia moja na uzi. Utaijaza mpaka kwenye kishikio kama mimi, na nitakucheka. Wasalimie shemeji na watoto, na mama Bramwel wa jirani.

Hafswa amejitolea kukaa nami arobaini nikijifungua, na namshukuru, lakini mimi nina dada. Jumapili saa nane mchana nitakuwa nimetoka kanisani na simu iko mkononi. Sitaki habari za sindano, wala samahani. Nataka neno moja: unakuja, au huji?

Ni mimi mdogo wako,
Agneta