Plasta za Marehemu Pamfil

Jumamosi, 9 Novemba

Kosa la wengi ni kudhani dawa ya maumivu ni kama koti: likimkaa jirani, nawe litakukaa. Koti halizuii pumzi!

Leo ilikuwa arobaini ya Pamfil. Mjane wake, Lucretia, aligawa vitu vya marehemu langoni, kama ilivyo desturi yetu: unachopokea hapa, naye anakipata huko aliko. Huyu sufuria, yule viatu. Mimi — sahani, mshumaa, na pakiti ya plasta za maumivu! Zile kali, alizobandikwa saratani ilipomfika mifupani.

Nikamwambia siwezi. Nikaeleza, taratibu: nina vidonge vyangu vya daktari kwa ajili ya uti wa mgongo, navyo ni jamii moja na plasta hizo. Afyuni juu ya afyuni. Usingizi unakuwa mzito, kisha kifua kinasahau kazi yake. Na plasta ile ilipimwa kwa mwili wa Pamfil, uliokwisha kuzoea.

"Kwa hiyo unataka mume wangu aumwe hata huko?" Mbele ya watu wote.

Mwenye sufuria akacheka: mwalimu huyu, hata kaburini atafundisha kemia!

Nimerudi na mshumaa. Sahani Lucretia alininyang'anya.

Jumapili, 10 Novemba

Mgongo — misumari mitupu. Sikuongeza kidonge. Inayoamua ni saa aliyonipangia daktari, si kilio changu. Wala sikugusa pombe ya plamu, ingawa ndiyo dawa ya kila kitu hapa kijijini.

Kanisani benchi zima lilikuwa langu. Nimemkataa maiti, ndivyo wanavyosema. Watu niliowafundisha kusoma!

Mchana Saveta, mdogo wangu, aliniletea supu ya maharage. Anachechemea, goti lake lile lile.

"Kaka, si ungepokea tu, ukaja kuzifungia kabatini? Ungekufa?"

Nikaanza kueleza tena: zikikaa kabatini, siku ya maumivu makali mkono utazifuata. Akafunga kilemba chake. Akasema nimefundisha maisha yangu yote na bado sijui kunyamaza kengele ikilia.

Supu ilikuwa tamu. Nilikula kwa hasira.

Jumatatu, 11 Novemba

Alizichukua yeye!

Nimeambiwa asubuhi na Floarea, muuza maziwa. Pakiti niliyoikataa, Saveta aliipokea jana jioni ili kufuta aibu ya ukoo. Akabusu mkono wa Lucretia, akashukuru kwa niaba ya roho ya marehemu. Kila mtu kafurahi.

Nilikwenda na mkongojo wangu, Floarea nyuma. Saveta alikuwa ameegemea jiko la vigae, mgongo umebanwa kwenye joto, kama tunavyolala sote baridi ikianza. Plasta moja gotini — kama dawa ya kuchua! — nyingine kiunoni. Hakuna aliyemwambia kwamba plasta haitibu pale ilipobandikwa. Inaingia kwenye damu. Na joto linaisukuma iingie upesi. Mboni za macho zimekuwa ncha za sindano.

"Kaka… nimelala vizuri, basi tu."

Tumemvuta mbali na jiko, nimezibandua zote mbili, nikanawa mikono. Nimepiga simu ya dharura. Wamesema nisimwache asinzie, nihesabu pumzi. Gari linatoka mjini, na barabara ya mlimani ina barafu. Floarea yuko langoni analisubiri.

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine uko kifuani pake. Nisipoandika nitapiga kelele. Maneno yote niliyosema langoni kwa Lucretia yalikuwa sahihi, na hayakumfaa mtu hata mmoja.

Kifua kinapanda. Kinashuka. Kinakawia. Namfinya bega — kinapanda.

Nimemuuliza nyingine ziko wapi, maana pakiti ni tupu.

"Nimemgawia Anica… naye mgongo unamsumbua. Sadaka huikalii peke yako, kaka."

Anica! Mjane wa ng'ambo ya barabara, anayeishi peke yake, mwembamba kama ufito.

Nimempigia. Simu inaita tu.

Nimepiga tena. Inaita.

Nimemfokea Floarea dirishani: achana na lango, kimbia kwa Anica, umbandue plasta!