Picha Ulizofuta kwenye Simu ya Mama

Doha,
Jumapili

Kwa Nyabuto, kaka yangu mkubwa,

Salamu. Sikuulizi kama hujambo, maana mwenye duka la mabati pale Keumbu, tena mzee mpya wa kanisa, hawezi kukosa kuwa mzima. Ninayemuulizia ni Mama. Mguu umepungua kuvimba? Anakula? Nilitaka kukuuliza hayo kwa simu ukanikatia. Basi soma.

Mimi niko salama. Joto la huku halina adabu, lakini siku hizi sibebi tena sinia za mkahawa. Nimeajiriwa na kampuni inayotengeneza programu za simu. Napanga kitufe kikae wapi na kiwe na rangi gani, ili anayetumia asipotee. Nasikia unawaambia watu wa Birongo kwamba nalipwa kuchezea simu. Hukunifundisha wewe, wala mtu mwingine. Nilianza na vile vitambaa vya kochi nilivyofuma nyumbani Manga, ukasema ni kazi ya wasio na akili. Huku, wenzangu wakienda kutembea siku ya mapumziko, mimi nilitazama masomo ya bure na kuchora upya ile skrini ya oda iliyokuwa ikiwachanganya wapishi wetu. Nilichora vibaya, nikararua, nikarudia. Meneja akawaonyesha wenye programu, nao wakaniita.

Lakini kazi yangu ya kwanza ilikuwa simu ya Mama, nilipokuwa nyumbani. Hasomi, na unajua. Kila jina nililiwekea picha: daktari wa ng'ombe nikampa ng'ombe, jirani yetu Kerubo nikampa chungu, wewe nikakupa jogoo, na sikukosea. Mama akawa anampigia amtakaye bila kumwomba mtu.

Ukazifuta. Ulimpigia Mama, wageni wa kanisa wakiwa pale nyumbani, jogoo akatokea kwenye skrini, wakacheka. Ukaja mbio. "Mama ya mzee wa kanisa hawezi tumia simu kama mtoto wa nasari!" Ukaandika majina matupu kwa herufi kubwa, ukaona umemheshimu. Mficha maradhi, Nyabuto, kifo humuumbua, na hapa kidogo tu kituumbue sote.

Wiki iliyofuata Mama akateleza kwenye mteremko wa majani chai, simu ikiwa mfukoni. Alibonyeza kwa kubahatisha, akampata mnunuzi mmoja wa ndizi, ambaye hakuelewa kitu, akakata. Alilala kwenye tope mpaka Kerubo aliposikia akilia. Nawe unaniambia, "Ni ajali tu, wachana na hiyo maneno." Utelezi ni ajali, sawa. Kumwachia simu asiyoweza kuitumia ni kazi ya mikono yako. Nina hasira na wewe mpaka kalamu inatoboa karatasi, na sitaki uniombee.

Barua hii unaletewa na Nyaboke, binti wa shangazi, anayekuja likizo. Ana simu nyingine ya Mama. Picha zote zimo. Usiiguse. Hata kuichaji, mwachie mkeo.

Msalimie huyo mkeo, ambaye namhurumia. Wasalimie watoto, na shangazi mwenye kuimba kwaya. Kerubo mwambie sina neno la kutosha la kumshukuru.

Halafu ujue hili. Kazini kwetu hatupangi kitu kabla ya kumuuliza atakayekitumia. Kwa hiyo nilimpigia Kerubo, akampa Mama simu. Nikamuuliza: ukianguka tena, unataka nani awe juu kabisa? Akasema Kerubo. Wa pili? Akanitaja mimi, ingawa niko huku na siwezi kumwinua. Wa tatu? Daktari wa ng'ombe. Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Jina lako nililitaja mimi mwenyewe, mwishoni. Akasema, "Muweke tu, asije akakasirika."

Dada yako,
Moraa