Wanasema Nimekanyaga Waya

Jumatatu, 2 Juni
Nimekimbia hadi darajani na kurudi. Ukungu mzito, pua inachuruzika. Kilima nimekipanda kwa kutembea, goti la kushoto lilikataa. Si kitu. Mgahawani kwangu nimekaanga chapati beseni zima bila kuonja hata moja. Nimekula maharage na mchicha. Saa nne njaa ilinishika vibaya, nikanywa maji, nikaosha masufuria yaliyokuwa tayari safi.

Zaidi ya mwaka sasa tangu daktari aniambie presha itanilaza kwa kiharusi kama ilivyomlaza mama. Gauni la kanisani nimelipunguza tena. Mume wangu Renatus yuko Kahama na lori. Mara hii ataniona nilivyobadilika.

Alhamisi, 5 Juni
Wateja wachache. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakinywa chai kwangu wamehamia kwa jirani. Nilidhani ni chumvi. Nikaonja supu, chumvi iko sawa.

Jioni Mwajuma, mwenye duka la vyombo hapo pembeni, akaniita uani. "Mama Elia, bora uyasikie kwangu. Wanasema umekanyaga waya, una virusi. Eti kila alfajiri unakimbilia vidonge kabla watu hawajaamka."

Nilicheka. Halafu nikakaa juu ya gunia la mkaa.

Nina hasira. Nilipokuwa siwezi kufunga kamba za viatu vyangu mwenyewe walisema nimependeza, mume ananitunza. Leo napumua vizuri, wananichimbia kaburi.

Jumamosi, 7 Juni
Renatus karudi. Nilivaa lile gauni. Akanitazama toka juu hadi chini kama anavyotazama tairi lililopasuka. Chakula hakumaliza. Kajitandikia sebuleni, anasema mgongo.

Si mgongo. Ameshayasikia.

Jumatatu, 9 Juni
Mama mkwe ameshuka kwenye basi la Mabamba na kuku wawili na dumu la mawese. Hajakaa, ameshaingia jikoni. Ugali wa muhogo mlima mzima.

"Mwana wanje, mwanangu, kula. Huko kwetu wananiuliza unaumwa nini."

Nikamweleza: presha, daktari, mazoezi. Alinisikiliza huku akiniongezea mchuzi. Mwisho akasema, "Mke wa mtu anakimbia barabarani, anamkimbia nani?"

Nimekula sahani mbili. Kilichoniuma zaidi ni kwamba zilikuwa tamu.

Jumamosi, 14 Juni
Sijakimbia tangu mama mkwe aje. Nakula mlangoni pa mgahawa ili wapita njia wanione natafuna. Upumbavu mtupu, na bado naufanya. Kisogo kinagonga. Viatu nimevisukumia chini ya kitanda.

Renatus haongei, hanigusi. Ananishuku. Mimi! Nimpate wapi huyo mwanamume, katikati ya sufuria na kanisa?

Jumanne, 17 Juni
Nyakitonto, kijijini kwa mama. Ulimi wake bado mzito. Nimemlisha uji, nusu umetokea pembeni mwa mdomo. Alinishika kwa ule mkono mzima, akanipapasa bega, akajaribu kusema neno. Hatukuelewana. Akaacha. Akageukia ukutani.

Maneno yote ya kwetu Kibondo hayajaniogopesha hivyo.

Kurudi, nimepitia zahanati moja ya njiani. Presha imepanda. Muuguzi kafunga kile kipimo mara ya pili, akidhani kimekosea. Hakijakosea.

Basi. Kesho nakimbia. Na virusi nitapima, tena na mume wangu, waliosema wakose la kusema.

Jumatano, 18 Juni
Nimekimbia. Vibaya, kama ng'ombe mwenye mimba, lakini nimekimbia. Mama mkwe alisimama mlangoni mikono kiunoni. Nikamsalimia, nikapita ubavuni.

Nilivyorudi nikamwambia Renatus mbele ya mama yake: "Twende tukapime. Leo." Akachukua funguo, akaondoka. Hadi naandika hajarudi.

Sielewi. Mtu anayenishuku angenitangulia kufika.

Alhamisi, 19 Juni
Sasa naelewa.

Alikuwa anaosha lori. Nilimpelekea ndoo ya maji. Akasema bila kuniangalia: "Sikukushuku wewe hata siku moja. Nilivyokuona umekonda nikajua ni mimi niliyekuletea."

Kuna mwanamke Kahama. Alikuwepo, anasema. Wameachana.

Niliiweka ndoo chini polepole sana. Nilitaka kumpiga nayo. Siku zote hizi alikuwa ananitazama nife kwa dhambi yake, na ameshindwa hata kufungua mdomo.

Nikamwambia, "Vaa viatu." Akavaa. Tumekuta wapimaji wamefunga.

Ijumaa, 20 Juni
Benchi lilikuwa refu. Kati yetu angeweza kukaa mtu mwingine mnene.

Hatuna. Wote wawili. Turudi tena baada ya miezi mitatu kuthibitisha. Renatus alilia palepale mbele ya muuguzi, kamasi zikamtoka. Nilitegemea nitafurahi. Imekuja hasira tu, nyingi, mpaka masikio ya moto.

Yeye mwenyewe kamweleza mama yake, nilimlazimisha. Kila kitu, na Kahama pia. Mama mkwe akamwambia mwanawe atoke nje.

Jumamosi, 21 Juni
Mama mkwe kaja mgahawani saa ya chai, kajifunga kitenge chake cha harusi. Kakaa meza ya mbele. Kaagiza chapati kwa sauti ya kuita mbuzi.

"Huyu mkwe wangu ni mzima! Anakimbia presha. Mwenye swali aniulize mimi, nipo hapa mpaka jioni."

Hakuna aliyeuliza. Mwajuma alicheka hadi akaegemea ukuta. Mimi nilijificha nyuma ya jiko, nikalia kilio ambacho jana kilikataa.

Jumapili, 6 Julai
Presha imeshuka, si sana. Wateja wengine wamerudi, wengine hawatarudi. Mama mkwe yuko kwake Mabamba. Renatus yuko safarini. Anapiga simu kila akisimama, namjibu kwa kifupi. Sijamsamehe. Sijamfukuza. Miezi mitatu ya kurudia kipimo bado haijatimia.

Baada ya ibada nimebadilisha nguo, nikakimbia kwa njia ya mashamba ambayo sijawahi kuipita. Mihogo kote, upepo mkavu, hakuna mtu. Nilipochoka nikakaa juu ya jiwe. Moyo ulikuwa unaenda mbio. Nikausikiliza ukipungua, ukipungua, mpaka nikaacha kuusikia.

Nikakaa kidogo tena. Kisha nikainuka, nikaendelea kukimbia.