Hadithi ya Mama Niliyoisahau Katikati

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Songea hatujambo. Mahindi tumeshavuna, na goti la babu yako limepata nafuu.

Unasema wanawake wa visiwa vya Karibi unaowasoma chuoni waliandika vitabu kutokana na hadithi za mama na bibi zao. Unauliza, ukiandika zetu kwa namna yako, utaziharibu?

Nilipokuwa msichana, mama alilazwa hospitali, mbali huko Tunduru. Jioni moja wadogo zangu walimlilia sana, nikawasimulia hadithi yake ya binti aliyemezwa na zimwi. Katikati nikasahau. Nikabuni kwamba binti aliimba humo tumboni mpaka zimwi likacheka, naye akatoka mdomoni.

"Enhe, halafu?" sauti ikauliza mlangoni.

Alikuwa mama, amekonda, kashika kifurushi chake. Nikamkumbatia nikilia. "Mama, hadithi yako nimeikosea."

Akaketi. "Endelea, mwanangu. Nataka kujua alifikaje kwao."

Tangu hapo, mama naye akawa anaisimulia na kile kicheko cha zimwi.

Andika, Neema. Nilidhani nitazikwa na hadithi hizi, na barua yako imenitua mzigo.

Bibi yako