Mtungi wa Lokuruka

Adome, mkwe wangu Lokuruka hakuwa na mtungi wa akiba wa hewa ya kuzamia, wala kipima oksijeni, wala mtu wa kumshauri. Na kazi yenyewe ni kuzama kina kirefu ziwani pale Longech, kutoa injini ya boti.

Ekai, muuza mitungi wa Lodwar, akamletea mtungi ulioandikwa "hewa", lakini rangi ya zamani imekwanguliwa. Lokuruka akataka upimwe kwanza. Ekai akacheka: "Shemeji, hewa inapimwa kama sukari?"

Alicheka, Adome. Mbona alicheka?

Kipimo cha kuazima kikaonyesha oksijeni tupu, ile ya mafundi wa kuchomelea. Ukiivuta kule chini unashikwa na kifafa majini.

Ekai akasema: "Basi rudisha. Abang wa Kerio, mzamiaji mwenzako, ataununua, yeye haulizi."

Huko kwa Abang hakuna mtandao. Lokuruka akamwandikia barua kwamba asiuguse mtungi huo Ekai akimpelekea, akaifunga kwa gundi, akampa dereva wa lori la samaki liendalo Kerio. Limeondoka sasa hivi.