Jani Nililokukatia Peke Yako

Mpendwa Shangazi,

Mwaka huu, baada ya kumzika mume wangu, tumbo langu lilikataa chakula. Moyo ulikwenda mbio nikiwa nimekaa tu, na simu ikilia nilikimbilia chooni. Daktari wa Bukoba alinisikiliza, akaniambia kuna neva moja ndefu inayotoka kwenye ubongo, inapita shingoni hadi kwenye moyo na tumbo. Hiyo ndiyo huutuliza mwili, na mtu akiishi na hofu muda mrefu, inazidiwa. Alisema wengine huisisimua kwa kifaa kidogo cha umeme. Mimi alinifundisha kutoa pumzi polepole na kuvumisha wimbo mdomo ukiwa umefumbwa.

Hapo nikakukumbuka, nikalia mbele yake kama mtoto.

Wewe ulimenya ndizi ukivumisha nyimbo za kanisani, nami nikakutania kwamba umemeza nyuki. Kumbe ulikuwa unajituliza, Shangazi. Hakuna aliyekufundisha.

Miaka ile pale Buganguzi tulichoka kuzika. Vita ilikuwa imemchukua mumeo. Kisha UKIMWI, ambao watu waliuita Juliana, ukamchukua mama yangu, baadaye baba yangu, yaani kaka yako, nawe ukanilea. Mtu akipiga hodi asubuhi, ulijua ni msiba. Miguu ilikuishia nguvu, ukaharisha, ukakonda hadi gauni la Jumapili likakupwaya. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba nawe unao. Nami, na miaka yangu kumi na mitatu na kiherehere changu, nikawaamini.

Siku tuliyomaliza matanga ya baba, chakula kilipakuliwa kwenye majani ya mgomba, watu wa nyumba moja wakazunguka jani moja kama kawaida yetu. Mimi nikakata jani jingine, dogo, nikakuwekea fungu lako karibu na mlango. Wageni wote waliona. Ulinitazama, ukasema kwa lile neno letu la kusihi:

"Waitu mwanangu, hata wewe?"

Ukaenda ukakaa pale, ukala, ukamaliza.

Baadaye ulipimwa hospitalini, ukakutwa huna virusi. Nilikusihi uwaonyeshe majirani ile karatasi ya majibu, wafunge midomo yao. Ulikataa. "Nikiitembeza, nitakuwa nawasimanga kaka yangu na mkewe." Ukaichoma jikoni, ukaendelea kupika.

Polepole ulirudi kunenepa, ukaishi hadi uzeeni, na siku zote hizo sikukuomba msamaha. Nilijidanganya kwamba umesahau. Sasa ninapokosa usingizi kwa majonzi, najua mwili wako ulikuwa umebeba nini, na najua ni nani aliyekuongezea mzigo.

Nisamehe. Kwa miaka mingi nimejilaumu kwamba nilikutenga kwa ugonjwa ambao hukuwa nao. Hata hilo halitoshi. Hata ungekuwa nao, Shangazi, mahali pako palikuwa kati yetu.

Pumzika, mama yangu wa pili.

Ni mimi,
binti wa kaka yako